Mbona Hawaambiani Kwamba Wanapendana?

*"Mwalimu, hujambo. Baba watoto ni fundi wa kuchomelea mageti huku Kariobangi, na kila Jumapili usiku lazima aweke muvi ya kung fu. Mimi huwa nakunja nguo nikingoja iishe. Juzi akaweka Crouching Tiger, Hidden Dragon, nikajikuta nimeacha nguo. Yule mwanamume na yule mwanamke wanapendana miaka yote na hakuna anayesema, mpaka mwanamume anafia mikononi mwa mwenzake. Nililia. Nilipomgeukia baba watoto nimuulize mbona hawakuambiana mapema, akainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, na mlango ulikuwa umefungwa tangu saa mbili. Sasa nauliza: haya mapenzi ya kung fu ni ya kweli, ama yamewekwa tu ndiyo sisi wanawake tusilalamike? Mbona lazima mtu afe? Na mwanamume akitazama hizi muvi miaka ishirini, si ndiyo anajifunza kunyamaza? Tumeoana miaka minane na neno 'nakupenda' nimelisikia mara mbili, moja ikiwa kwa SMS. Tena tuna msichana wa miaka kumi anayetazama nasi. Nianzie wapi?"*

Sijambo, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya huo mlango, na nitaurudia. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua si filamu moja. Unaogopa kwamba kilichokuliza kilikuwa chambo. Tena unaogopa zaidi kwamba kama si chambo, basi mumeo amekaa miaka ishirini kwenye shule inayofundisha wanaume kupenda kwa siri. Mimi nimefundisha uandishi wa filamu hapa Nairobi muda mrefu, na muvi za kupigana nimezitazama tangu nikivaa kaptura, kwa hiyo upande wa filamu nitakujibu bila kusita. Upande wa ndoa nitasema machache, na kwa uangalifu.

Tuanze na chambo. Zipo filamu za namna hiyo, tena tele. Utazijua mapema: mwanamke anatokea dakika ya kumi, anacheka na staringi sokoni, dakika ya arubaini anatekwa, na kazi yake iliyobaki ni kufungwa kamba kwenye kiti ili staringi apate sababu ya kuvunja watu mbavu. Ukimtoa huyo mwanamke ukaweka mbuzi wa familia, hadithi haibadiliki. Zikiwekwa hizo, endelea kukunja nguo zako, hupitwi na kitu.

Lakini kusema kwamba mapenzi na wanawake viliingizwa baadaye ili kutuliza watu sebuleni, hapo historia inakataa. Mwaka 1966, kabla dunia haijamjua Bruce Lee, mwongozaji King Hu alitoa Hong Kong filamu iitwayo Come Drink with Me, na staringi wake alikuwa msichana, Cheng Pei-pei, aliyesomea dansi wala si ngumi. Huyo Cheng Pei-pei unamjua. Ndiye Jade Fox, yule mama mwenye sindano za sumu kwenye filamu iliyokuliza, miaka 34 baadaye. Kwa hiyo mwanamke mwenye upanga alikuwepo tangu mwanzo. Aliyemsukuma pembeni ni mwongozaji mwingine wa kampuni hiyohiyo iliyotoa filamu hiyo, Shaw Brothers, jina lake Chang Cheh, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alitaka filamu za wanaume, jasho na damu. Zikauza sana. Kisha akaja Bruce Lee, na dunia nzima ikadhani kung fu ni mwanamume mmoja bila shati.

Shehena iliyotufikia sisi ilikuwa zaidi ya hiyo ya bila shati. Na hata palipokuwa na mapenzi, hatukuyaona. Kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, aliyeshika rimoti alijua kazi yake: wawili wakianza kutazamana machoni, watoto tulipiga kelele "Peleka mbele!" na kaseti ikapelekwa mbele. Fist of Fury ya 1972 niliitazama pengine mara kumi utotoni. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba ndani yake Bruce Lee anambusu Nora Miao. Miaka yote hiyo busu lilikuwa likipita kama mistari myeupe inayotetemeka kwenye televisheni. Sishangai kama baba watoto naye alilelewa kwenye vibanda vya hivyo.

Sasa nije kwenye kiini, kwa sababu nadhani ukikishika hiki, Jumapili zako zitabadilika. Kwenye filamu nzuri za aina hii, mapenzi hayawekwi katikati ya mapigano kama tangazo la sabuni. Pambano lenyewe ndiyo mazungumzo. Anayelitazama akingoja liishe ili wapendanao waanze kuongea, amekosa maongezi yote.

Rudia filamu yako hiyo, ile sehemu ya jangwani. Jen, binti wa mkubwa serikalini, yuko kwenye msafara, kachoka, anachezea kitana chake. Majambazi wanavamia. Mkuu wao, Lo, anapita na farasi na kukipokonya kile kitana. Mali ya msafara mzima iko pale, walinzi wanapigana, na huyu msichana anaruka juu ya farasi kumfukuza mtu mmoja peke yake jangwani, kwa ajili ya kitana. Wanakimbizana, wanapigana, wanachoka, wanaanza tena. Tazama pale ambapo Lo angeweza kummaliza na hakummaliza. Tazama anavyocheka anapopigwa. Kitana kinge­nunuliwa kingine sokoni na msichana anajua hivyo. Anachofukuza ni mtu wa kwanza maishani mwake aliyemchukulia kitu bila kumpigia magoti. Hayo yote yamesemwa na hakuna aliyesema.

Kama unataka mfano mfupi zaidi, mtafute Tony Leung mwanzoni mwa Shang-Chi, ile ya Marvel ya 2021. Anafika na pete zake kutaka kupita kwa nguvu, anamkuta mwanamke kamzuia njia msituni. Yeye anapiga moja kwa moja. Mwanamke anapokea nguvu zile, anazizungusha, anamrudishia. Majani yanapeperuka. Polepole mapigo yanapungua ukali, umbali kati yao unapungua, nyuso zinakaribiana. Mwanamume anashindwa, na uso wake si wa mtu aliyeshindwa. Ninapowaonyesha wanafunzi kipande hicho bila sauti kabisa, kila mmoja ananiambia hawa wataoana.

Hili haliji kwa bahati. Mpangaji wa mapigano huwapangia wawili hao kila hatua kama ngoma: nani anatoa, nani anapokea, nani anapumua lini. Yuen Woo-ping, aliyepanga mapigano ya Crouching Tiger, ametoka kwenye ukoo wa opera ya Kichina, ambako muigizaji hufundishwa kuimba, kuruka na kupigana kwa pamoja, kama kazi moja. Na waigizaji wanawake wenyewe ni wachezaji dansi: Michelle Yeoh alisomea baleti Uingereza kabla ya kugusa upanga, na Zhang Ziyi aliingia chuo cha dansi cha Beijing akiwa na miaka 11, mwaka mmoja tu zaidi ya msichana wako wa leo. Hawa hawajui kurusha mkono bila kusema kitu.

Na sisi wa Kiswahili tungekuwa wa mwisho kushangaa. Mwanamke wa Mombasa akikasirishwa na mumewe, anaweza asimwambie neno. Anavaa kanga, anapita mbele yake kupeleka chai, anapita tena kuchukua kikombe, na jina la kanga limeshasema yote. Fumo Liyongo alipofungwa gerezani, mama yake hakumwandikia barua ya kumwambia anampenda. Alimwokea mkate wa pumba, akaficha tupa ndani, akamtuma kijakazi wake Saada aupeleke pamoja na mikate mizuri. Walinzi wakala mizuri, wakaudharau ule wa pumba, na tupa ikamfikia mfungwa. Mumeo ni fundi, tupa anaijua kwa mkono. Mwambie hadithi hiyo uone atasemaje. Mapenzi ya kung fu husafiri vivyo hivyo, ndani ya pumba, na mlinzi mwenye haraka hayagundui.

Umeuliza mbona hawasemi tu. Hapa lazima uijue dunia yao. Wachina wana neno, *jianghu*, maana yake neno kwa neno ni mito na maziwa. Ni ulimwengu wa watu wa upanga wanaoishi kando ya serikali, na wanaobanwa na viapo badala ya sheria. Mtu wa huko ana deni kwa mwalimu wake, kwa ndugu yake wa kiapo, kwa damu ya baba yake. Moyo wake unakuja nyuma ya foleni hiyo. Yu Shu Lien, yule mama aliyekuliza, alikuwa amechumbiwa na mtu mwingine, ndugu wa kiapo wa Li Mu Bai, yule mwanamume anayempenda, na huyo mchumba aliuawa kabla ya harusi. Wakioana, watakuwa wamejenga nyumba juu ya kaburi la rafiki. Hakuna adui anayewazuia kwenye filamu nzima. Kinachowazuia ni heshima, na heshima huwezi kuipiga teke.

Nikupe mwingine, mwepesi kidogo. Jet Li alipocheza Wong Fei-hung kwenye mfululizo ulioanza 1991, Once Upon a Time in China, alipewa mpenzi anayeitwa Mama Mdogo wa Kumi na Tatu. Waingereza walitafsiri neno la jumla tu, ila Kiswahili kinaweza kusema sawasawa, ni mama mdogo. Si wa damu, undugu wao ni wa kiapo cha wazee, na kwa umri wanalingana. Lakini jina ni jina. Fikiria kijana wa hapa Nairobi anayetaka kumposa mtu ambaye ukoo mzima unamwita mama mdogo. Ni kikao cha wazee wangapi? Basi kuna mahali kwenye mfululizo huo mwanamke anasimama nyuma yake penye mwanga, na badala ya kumgusa, anasogeza mkono mpaka kivuli chake ukutani kinapapasa kivuli cha shavu la mwanamume. Mwenyewe hajui. Nimetazama filamu nyingi zenye mabusu na sikumbuki nusu yake. Kile kivuli nakikumbuka.

Je, lazima mtu afe? La, ila zile za huzuni ndizo zinazopewa tuzo, kwa hiyo ndizo zinazofika sebuleni kwako na sifa. Crouching Tiger ya mwaka 2000 ilibeba Oscar nne. Hero ya 2002, ya Zhang Yimou, ina wapenzi wanaogombana juu ya kumuua mfalme au kumwacha. Mwanamke anachoma upanga akijua mwenzake atauzuia kama kawaida, na mwenzake anadondosha upanga wake makusudi, ili hatimaye amwamini. Inauma, na imepangwa vizuri mno. House of Flying Daggers ya 2004, ya mwongozaji huyohuyo, inapendwa sana na watu, na macho yako yatafurahi, lakini mimi mapenzi yake siyaamini. Siku tatu msituni na watu wako tayari kufa. Ningewaambia wanafunzi wangu warudie rasimu.

Ukitaka watu wanaobaki hai, wapo. One-Armed Swordsman ya 1967, tena ya huyohuyo Chang Cheh wa jasho na damu, inaisha staringi akiacha upanga na kwenda kulima na msichana aliyemuuguza. Kung Fu Hustle ya 2004 ni vichekesho, na ndani yake kuna msichana muuza aiskrimu asiyesema neno hata moja, anayemtambua mwanamume kwa pipi ya kijiti ya utotoni. Ina pia mama mwenye nyumba na mumewe wanaogombana mchana kutwa, wakifika vitani wanapigana kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Hao ndio ndoa ninayoipenda kuliko zote kwenye kung fu.

Lakini wewe ningekuanzishia Ip Man. Kwenye ya kwanza, ya 2008, Donnie Yen anacheza Ip Man, mwalimu mpole wa kung fu anayesumbuliwa na watu wanaokuja nyumbani kutaka kumpima nguvu, na mke wake amechoka na vyombo kuvunjwa. Katikati ya pambano moja la sebuleni, mtoto wao anaingia na baiskeli ya magurudumu matatu kumletea baba ujumbe: mama anasema usipojibu mapigo, kila kitu cha nyumba hii kitavunjika. Utacheka kwa sababu unaijua hiyo nyumba.

Kisha mruke ya pili mwende ya tatu, ya 2015. Mke ana saratani. Wako kwenye lifti, mpiganaji aliyetumwa anaingia kumshambulia mumewe. Tazama mkono mmoja wa Ip Man: unapigana. Mkono wa pili uko nyuma, unamkinga mke asiguswe hata na koti la yule mtu. Pambano linatoka kwenye ngazi na kushuka ghorofa baada ya ghorofa, mke akishuka na lifti peke yake bila kujua. Lifti inapofika chini na mlango kufunguka, mumewe yuko pale, anamngoja. Baadaye, mtu mwingine anamtangazia changamoto ya kuamua nani bingwa, mji mzima unangoja, na yeye siku hiyo yuko kwenye ukumbi wa dansi na mke wake. Na mke, anapozidiwa, anataka kusikia mume akifanya mazoezi kwenye ule mti wenye mikono ya mbao, kwa sababu ameukosa mlio wake. Mume anaupiga. Ta-ta-ta, ta-ta. Mke amekaa, anasikiliza. Sijui tamko la mapenzi lililo refu kuliko hilo.

Nisikufiche lakini kwamba maisha hayakuwa hivyo. Ip Man wa kweli alikwenda Hong Kong, mpaka wa China ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mkewe akabaki Foshan, mji wao wa China, akafia huko mwaka 1960 bila wao kuonana tena. Sinema imewapa ile miaka waliyonyimwa. Mimi nikijua hivyo, kile kipande cha dansi kinanipata pabaya zaidi.

Sasa mlango wako.

Hapana, dada, sidhani kama filamu zimemfundisha mumeo kunyamaza. Wanaume wasiosema wapo hata mahali ambapo hakuna televisheni, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Inawezekana zaidi kwamba mtu asiyesema huzipenda filamu hizi kwa sababu humo ndani wanaume wa namna yake wanapenda na wanapendwa. Lakini mimi nimesoma barua moja, ya upande mmoja. Siwezi kumpima mtu nikiwa mbali. Ninachoweza kusema kama mtu wa filamu ni kwamba umenisimulia tukio, na katika tukio hilo mtu ameinuka kwenda kukagua mlango uliofungwa, sekunde ile mkewe amemuuliza mbona watu hawaambiani. Mwanafunzi akiniletea ukurasa huo, sitamwambia mhusika huyu hajali. Nitamuuliza: alikaa mlangoni muda gani?

Ila usichukue neno langu hili likawa sababu ya kuvumilia kila kimya. Li Mu Bai hakuwekwa pale awe mfano wa kuigwa. Pumzi yake ya mwisho anashauriwa aitumie kutafakari aondoke kwa amani, naye anaitumia kumwambia mwanamke kwamba amempenda siku zote. Ni mtu anayejuta, filamu yenyewe inasema amechelewa. Kwa hiyo una haki kabisa ya kumwambia baba watoto kwamba wewe unahitaji kusikia kwa masikio. Usimwambie filamu ikiendelea, wala mbele ya mtoto, na usianze na "wewe huwa hunisemeshi". Muulize kwanza ni kipande gani cha muvi zake zote anakipenda, na kwa nini. Mtu akieleza anachokipenda huwa anajieleza mwenyewe bila kujua.

Na kama kimya cha kwenu ni cha aina nyingine, cha kususa siku tatu, cha kukuadhibu, cha kukunyima matumizi, hapo sinema haina dawa. Tafuteni mshauri wa ndoa mkae naye ana kwa ana, au mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili kanisani, msikitini au kwenye ukoo. Kukiwa na vitisho au mkono umeinuliwa, usingoje kikao: namba 1195 hupigwa bure hapa Kenya kwa ajili ya ukatili wa kijinsia. Sijaona dalili hiyo kwenye barua yako, lakini barua hii inasomwa na wengine.

Kuhusu ndoa yenye kufua, kodi na uchovu, iko filamu moja ninyi wawili mnapaswa kuitazama mtoto akiwa amelala: Everything Everywhere All at Once ya 2022, iliyompa Michelle Yeoh Oscar yake. Humo ana duka la dobi na mume mpole, na yeye humwona mume huyo kama mzigo. Mume huyo anampigania kwa mkoba wa kiunoni, na karatasi za talaka alizobeba amezibeba kwa sababu ameshindwa kupata njia nyingine ya kumfanya mkewe akae chini wazungumze. Ina fujo nyingi na mambo ya aibu. Vumilia nusu saa ya kwanza.

Msichana wa miaka kumi: hiyo ya mwisho hapana, na House of Flying Daggers hapana, ina mwanamume kumlazimisha mwanamke. Crouching Tiger pia ina kitanda na vifo, ningengoja akue. Angalieni alama za bodi ya filamu, GE (ya watu wote) na PG (mtoto aongozwe na mzazi), msidanganyike kwamba Kichina kikiwa hakieleweki basi mtoto haelewi picha. The Karate Kid ya 2010 inamfaa: watoto wawili Beijing, wanabusiana kidogo usiku wa sikukuu ya wapendanao ya Kichina wakitazama sinema ya vivuli, basi, yameisha. Mweleze mapema kwamba wanaoruka juu ya mianzi wamefungwa waya na kompyuta ikazifuta, kwa sababu mtoto wa hapa atajaribu kutoka kwenye kochi. Akiipenda michezo yenyewe, mpelekeni kwa mwalimu wa judo au taekwondo anayefundisha watoto kwenye mikeka, mkae mtazame somo zima kabla ya kulipa. Na akianguka akapiga kichwa, kisha akatapika au akalala usingizi usio wa kawaida, ni hospitali usiku huohuo.

Jumapili hii basi, Ip Man ya kwanza, Jumapili ijayo ya tatu. Tafuteni yenye sauti ya Kichina na maandishi chini, msichukue ile iliyotiwa sauti za Kimarekani. Ile inaua nusu ya upole wa mtu huyu. Nguo ziacheni kwenye beseni. Mkifika pale kwenye lifti, usimgeukie baba watoto. Tazama mbele, na ule mlango wenu mfunge wewe mapema, akiona.